Mafuta katika Breki za Pejo ya Pasta

Jumatatu, 3 Juni 1996

Pejo 404 ya Pasta Sindayigaya imerudi ikijiburura. Magurudumu ya mbele moto, huwezi kuweka kiganja. Harufu ya breki imefika mpaka kwenye foleni ya maji ya kambi. Lwaboshi, dereva wake, anasema zilianza kushika zenyewe baada ya Mponela, bila yeye kukanyaga pedali. Anasema! Breki hizo nilizitengeneza mimi, mwezi haujaisha, na zilikuwa tamu. Gari lina miaka kama thelathini, sawa. Lakini breki haziamki tu asubuhi zikagoma. Kuna mkono wa mtu.

Na Ijumaa gari hilo ndilo la kumpeleka mke wangu, Fidès, hospitali Lilongwe. Mimba ya miezi minane, miguu imevimba, nesi hataki azalie hapa. Safari ya basi hataiweza. Mke wangu mwenyewe, na breki hizo! Naogopa.

Jumanne, 4 Juni

Nimelipandisha kwenye jeki. Gurudumu halizunguki hata kwa mikono miwili. Nikalegeza nati ndogo ya kutolea hewa — mafuta yakaruka, gurudumu likazunguka kwa kidole. Basi si viatu vya breki, si springi. Ni mafuta yanayokataa kurudi.

Nikachota kidogo, nikayatia kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki huchanganyika na maji. Haya yakaelea! Mafuta ya kula, yale ya mgawo wa kambi. Yamevimbisha mipira yote ndani ya silinda, sasa njia imeziba.

Nani kayatia? Nani mwingine hufungua boneti kama si Lwaboshi? Majuzi nilimwambia pasta, yeye akisikia, kwamba anaendesha kama anayeswaga ng'ombe. Alicheka. Kicheko kile sikukipenda. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 5 Juni

Nimelisema wazi, mbele ya kwaya nzima ya pasta. Lwaboshi hakupandisha hata sauti: "Mi njo nitaendesha hiyo motokari, fundi. Mutu wa kwanza kukufa si ni mi?"

Jibu zuri mno. Mwenye hatia ndiye huwa na jibu tayari. Pasta naye anatazama viatu vyake. Hata yeye!

Nimerudi nyumbani, nikamsimulia Fidès. Akaacha kuchagua maharage. Anasema siku ile nilipokuwa Kanengo kwenye kibarua, pasta alikuja kuomba mafuta ya breki ya kuongezea. Yeye alikuwa amelala, miguu juu ya mto. Akamwambia ajichukulie chupa kwenye rafu.

Chupa yangu. Ilikuwa imebaki na tone tu. Fidès alishaiosha kwa sabuni na kwenda nayo kwenye mgawo wa mafuta ya kula, maana kifuniko chake kinakaza, na hapa kila mtu huenda na chombo chake. Lebo akaiacha. Pasta, mtu wa kusoma, akasoma lebo na kumimina.

Nikamuuliza mbona hakusema tangu jana, nilipomtajia mafuta hayo.

"Ulisema ni Lwaboshi. Nikazania uko unajua."

Aibu gani hii! Ugali sikuugusa.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi nimekwenda kwa Lwaboshi mara mbili. Mlango umefungwa. Nikajua: ametoroka! Kumbe alidamka na kabaza, baiskeli ya kukodi, mpaka barabara kuu, akadandia lori kwenda Lilongwe, akazunguka mpaka Kauma kwa mtu anayechinja Pejo kuukuu. Hakuna aliyemtuma.

Saa nane amerudi na mipira, yote mipya, saizi yake. Akaniwekea mkononi. Nikasema zikomo, asante kwa Kichewa, maana Kiswahili kilinigomea. Msamaha bado sijaomba.

Mabomba nilikuwa nimeyaosha kwa spiriti. Mipira nimeipanga, mafuta mapya nimetia. Imebaki kutoa hewa, na kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja akanyage pedali, mwingine alale chini ya gari alegeze nati. Lwaboshi ameshaketi kwenye usukani bila kuambiwa. Gari liko juu ya jeki, jeki yenyewe ile ya kuazima. Wa kulala chini ni mimi.

Ameniita. Anatabasamu. Kwa nini anatabasamu?

Nimeongeza mawe mawili chini ya ekseli. Akaniangalia tu nikiyapanga.

Anapiga honi. Fidès yuko mlangoni, amejishika kiuno, anasema maumivu yanaanzia hapo, yanakuja na kwenda, na tusingoje Ijumaa. Nimejibu nakuja, natafuta spana.

Spana iko mfukoni.