Shangazi wa Kwenye Simu

Taoyuan, 3 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama na magoti yamekupa nafuu. Mimi mzima, ila nimechoka. Huku ng'ambo zamu zimeongezwa kiwandani, nikirudi bwenini najikuta nimelala na viatu. Nakuandikia badala ya kupiga maana chumba chenu ni kimoja, na hakuna neno lisilomfikia Tép masikioni.

Wakala ameniletea mkataba mpya, miaka mitatu mingine. Anataka saini kabla Juni haijaisha. Mama, kabla sijashika kalamu nina ombi: mwambie Tép kwamba mimi ndiye mama yake.

Najua tulivyokubaliana. Kaka yake alipofariki, naye akaanza homa zilezile, sote tuliona bora aniite shangazi, ili pepo wa baharini wanaochukua watoto wadhani hana mama wa kumlilia. Tukamwita na Tép, jina la uduvi, wamdharau wapite. Lakini ilikuwa mpaka apate nguvu, na sasa anashinda akikimbia ufukweni. Juzi kwenye simu kaniuliza, "Shangazi, wewe una watoto?" Nikasema mtandao unakatika, nikakata.

Mwanao,
Nhạn


Mân Thái, 9 Mei

Mwanangu Nhạn,

Marahaba. Sisi wazima, ukiacha magoti, hayo hayataki tena kusikia habari ya ndoo. Pole na zamu. Kula vizuri, usile tambi kavu kila siku.

Msimu umefunguka. Jua likishapunguza makali, watu wa mji mzima wanashuka na watoto wao kwenye kona yetu, kwa sababu mlima unakinga mawimbi na hata mtoto wa kutambaa anakaa majini asipinduke. Nakodisha maboya, nauza maji ya kujisuuzia chumvi, jicho moja liko kwa Tép. Jana kaja mama mmoja wa mjini na kofia pana kama ungo: "Bibi Sáu, hapa hakuna konyeza wa kuwasha?" Nikamwambia wapo, ila wakiiona hiyo kofia watakimbia wenyewe. Kacheka, kakodisha maboya mawili.

Kuhusu ombi lako, hapana. Mganga alisema mpaka avuke miaka kumi na miwili. Unataka tuwashtue wenyewe wakati mtoto anashinda baharini, mlangoni kwao kabisa? Usinichoshe, Nhạn. Nimeshazika mjukuu mmoja. Sina mikono ya kuzika wa pili.

Mumeo Khoa bado yuko Saigon kwa yule mwanamke wake. Mwanangu wa kumzaa, lakini hajauliza mtu.

Mama yako


Taoyuan, 16 Mei

Mama,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mko salama. Nami nipo, nasukuma siku.

Khoa simtaki wala simuulizii. Namuulizia mtoto. Nikisaini mkataba huu nitarudi ana miaka minane, na hapo nitaletewa mkataba mwingine. Ukisubiri hiyo kumi na miwili atakuwa karibu kuvunja ungo, ndipo nimwambie mimi mama yako? Atanicheka usoni.

Naumia, Mama. Hapa bwenini kila mwanamke ana mtu wa kumwita mama kwenye simu. Wakianza kupigiana mimi natoka nje, najifanya nafua. Basi nikuambie ukweli wangu: usipomwambia, nitasaini. Kwa nini nirudi nyumbani kuwa mgeni?

Mwanao,
Nhạn


Mân Thái, 24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mafua yalimpitia Tép, nikamsugua nyayo mafuta, yameondoka.

Barua yako niliisoma, nikaifunga, nikaisoma tena. Sina jibu jingine. Ila sipendi kukuficha: mtoto ana mchezo mpya, nao haunifurahishi. Anaingia pale kwenye maji ya magotini walipojaa mama na watoto wao, anachagua mmoja, anamwambia, "Nikuite mama mpaka utoke majini?" Wengi wanacheka na kukubali. Wanamwagia maji, wanamshika mikono apige miguu, wengine wanampa vipande vya embe. Wakitoka, anahamia kwa mwingine. Thịnh, yule mlinzi wa ufukwe mwenye filimbi, ananitania eti mjukuu wangu ana mama wengi kuliko mji una pikipiki.

Nilimwambia Tép aache. Kanijibu, "Bibi, naazima tu."

Mama yako


Taoyuan, 12 Juni

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Napiga simu haipokelewi. Nimempigia Liễu wa mahindi ya kuchoma, anasema hujafungua banda tangu Jumapili, na alipogonga mlango ulimwambia umelala. Mnaumwa? Tép yuko wapi? Nijibu hata neno moja. Wakala kaja tena leo, nimemwambia angoje.

Mwanao,
Nhạn


Mân Thái, 18 Juni

Mwanangu Nhạn,

Marahaba. Tép mzima. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa. Mimi nimeishiwa nguvu, ndiyo maana ya kimya.

Jumapili ile bahari ilitulia, watu walijaa hata mchanga hauonekani. Niligeuka kujaza ndoo. Nilipoinua kichwa nikaona boya lake linaelea peke yake. Nhạn, nilipiga yowe sijui limetoka wapi. Thịnh akapuliza filimbi, watoto wote wakatolewa majini, akina baba wakashikana mikono mstari mmoja wakaingia hadi kifuani, wanapapasa chini kwa miguu, taratibu.

Hapo akili iliniruka. Niliingia majini na nguo zangu, nikaita jina lake la kweli. Diệu Hân! Jina tulilolificha miaka yote nililitangaza mbele ya bahari na mbele ya kila mtu. Nikalia, "Mrudishieni Nhạn mwanawe! Huyu ana mama! Mama yake ni Nhạn, yuko hai, anamngoja!" Liễu ndiye aliyekuja kunivuta.

Naye hakuwa majini. Walimkuta huko juu zinakoegeshwa pikipiki, amekaa kwenye siti ya pikipiki ya familia moja ya watu wageni, kajifunika taulo lao, anangoja waondoke naye. Kamwambia mlinzi wa pikipiki, "Mama yangu anakuja sasa hivi." Yule mama wa watu, aliyeazimwa siku hiyo, alipofika alilia kuliko mimi.

Nilimbeba mpaka nyumbani, na magoti haya haya. Sikumchapa. Siku nzima nilikaa kando yake, na iliyofuata pia, nikingoja hao wenyewe waje kumchukua kwa vile wameshajua. Homa haikuja. Anakula, anagombana na paka, ananidai twende majini. Nhạn, nimeogopa miaka yote, na nimechoka kuogopa.

Juzi nikimsuuza chumvi akaniuliza, "Bibi, siku ile ulisema mama yangu Nhạn. Nhạn si ndiye shangazi wa kwenye simu?"

Nikamwambia ndiye. Ndiye aliyekuzaa. Shangazi lilikuwa jina la kukukinga tu.

Akacheza na maji ndooni. Nikadhani atalia. Kisha akaniuliza, "Na yeye mwenyewe anajua?"

Nilimmwagia maji kichwani asinione uso. Mwanangu, nisamehe, sijui nimjibu nini.

Mama yako


Taoyuan, 24 Juni

Mama,

Shikamoo. Huna la kusamehewa. Pumzika, banda lifunge kidogo.

Mkataba nimemrudishia wakala bila saini. Kafoka, nikamwacha afoke. Naondoka Jumamosi. Usimjibu mtoto kwa niaba yangu, tafadhali. Akiuliza tena, mwambie anayejua yuko njiani.

Wako,
Mama Hân