Bawa Lisizidi Paa

3 Machi

Baba, shikamoo. Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila kamati ya mbio za magari imenipa kazi ya kuandika kanuni mpya, na najua utanuna. Lile bawa la bati ulilofunga nyuma ya gari la kaka linavuruga upepo. Gari linalomfuata linapoteza mshiko kwenye kona, haliwezi kumpita. Watazamaji wamechoka kuona mtu mmoja akikimbia peke yake. Msimu huu, bawa lisizidi paa.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu, marahaba. Mgongo haujambo, kichwa ndicho kinauma. Miaka minne nakunja bati ili kaka yako asipitwe, leo binti yangu wa kumzaa anaandika apitwe! Nimeisoma karatasi ya kanuni zako mara tatu, nikamsomea na mama yako. Hatukuambulia kitu. Lakini mimi mtu wa sheria. Umesema bawa lisizidi paa. Basi nimeinua paa, shubiri nzima.

Baba yako

18 Machi

Baba, shikamoo. Nimecheka hadi machozi, kisha nikaogopa. Kwa karatasi ilivyo, kosa si lako, ni langu. Lakini gari refu hivyo litapinduka kwenye kona, na ndani yumo kaka. Nimeongeza mstari: paa libaki lilivyotoka kiwandani. Mkaguzi atakuja na futi, nimemwagiza asimwonee mtu aibu. Nikane ukitaka.

Mwanao

2 Aprili

Baba, shikamoo. Mbona kimya? Mama anasema huongei, unasikika tu ukigonga bati. Mbio ni Jumapili. Unagonga nini?

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu, marahaba. Nilikuwa na hasira, nisikufiche. Paa nimerudisha, bawa nimekata. Mkaguzi kapima mara mbili, kapitisha. Kaka yako na yule muuza matairi, anayemfuata nyuma kila msimu, wamepitana mara sita, nimehesabu. Tumeshindwa kwa urefu wa boneti.

Nilishajiandaa kukutukana. Mara kaka yako akashuka anacheka, jasho chapachapa, kanishika mabega: "Baba, umeniona?" Miaka minne ananiletea vikombe, hajawahi kuniuliza hivyo. Nikamwitikia kwa sauti iliyokauka kwa kumshangilia.

Sasa mtu hufurahije kushindwa? Nieleze wewe uliyesoma, mimi sielewi.

Halafu nimeipitia tena karatasi yako. Kuhusu sakafu ya gari haisemi kitu.

Baba yako