Dawa ya Daktari na Macho ya Mujomba

Kabambare

Mama yangu mupenzi,

Ninakusalimu sana. Mugongo unaendeleaje tangu mvua ianze? Na kaka yako, Mujomba Lukali, bado anaota jua mbele ya nyumba? Mimi niko muzima, ila moyo hauko sawa.

Unamukumbuka daktari wetu, yule muzungu kijana aliyelala kwako Kasongo, akala bugali na majani ya sombe kwa mukono. Miaka yote hiyo tuliingia naye mutoni kukamata mbung'o, apate kujua namna ugonjwa wa usingizi unavyoingia katika damu. Watu walipokimbia sindano, aliketi nao chini, akawabembeleza kwa Kiswahili. Ndivyo alivyomupata Mujomba. Na macho ya Mujomba yalipozimika nyuma ya sindano zile, alimushika bega, akasema, "Pole, muzee. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika kichwani." Sote tulimwamini.

Miezi michache iliyopita daktari mwenyewe aliugua. Tulipima damu yake, tukaona vijidudu vilevile. Nikatayarisha dawa tunayowachoma wagonjwa, akanizuia.

"Hapana, Petro. Chukua chupa iliyo katika sanduku langu."

"Kwa nini si hii?"

"Hiyo inaua macho," akajibu, kama mutu anayekuonyesha njia yenye matope.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Ningewaambia, nani angekuja?"

Nilimuchoma ile ya sanduku, Mama. Amepona, amerudi kwao Ulaya. Wakubwa wamemwita afundishe madaktari wengine. Siku ya kuondoka alininyooshea mukono. Wangu niliuacha mufukoni.

Kazi sikuiacha, maana dawa ile ya sanduku hatuletewi, na asiyechomwa anakufa. Lakini sasa kila mugonjwa ninamwambia kwanza, "Ukiona giza, sema upesi, tutaacha." Wengine wanakimbia kweli, na daktari mupya ananikaripia. Siwezi kunyamaza.

Ninakuomba jambo gumu. Mwambie Mujomba ukweli, taratibu, akiwa ameshiba. Bado anamuombea yule mutu kila Jumapili. Hata jogoo aliyemutumia daktari juzi amefika, daktari mwenyewe amekwisha kuondoka. Ninamurudisha jogoo huyo kwa mutu anayeleta barua hii. Mumuchinje, na paja ale Mujomba.

Unisalimie dada yangu anayekutekea maji, na baba mudogo anayekusaidia shambani.

Ni mimi, mutoto wako wa kwanza,
Petro Kalonda