Tulivyovuka Lengo Bangwe

Jumatatu, 10 Juni

Miguu inawaka moto. Siku ya kwanza ya chanjo ya matone. Mimi na Bi Zuhura, Bangwe yote yetu. Nyumba kwa nyumba, ndivyo tulivyoelekezwa. Tumefanya nyumba kumi na moja za chini, tumetia alama ya chaki kila mlango. Kisha Bi Zuhura akautazama mlima. "Mwanangu, goti hili halipandi huko leo."

Basi tukaweka meza mwaloni, pale ufukweni penye wauza dagaa. Kumbe ndiko watoto walikojaa! Kina mama wanakuja na watoto mgongoni. Matone mawili mdomoni, wino kidoleni, haya, mwingine. Kazi tamu. Sikutoka jasho.

Jumanne, 11 Juni

Mwaloni tena. Saa sita nimejumlisha. Lengo letu la siku nne ni watoto mia moja na ishirini. Tuna mia moja arobaini na tatu. Siku mbili tu!

Nimempigia mratibu wetu, Bwana Ruhuza. Kafurahi mpaka sauti imekatika. Dakika kumi baadaye niko kwenye grupu la WhatsApp, picha yangu mdomo wazi, na maneno: BANGWE WAMEVUKA LENGO. Makofi, makofi, makofi. Miaka sita ya kujitolea, leo ndiyo mara ya kwanza kusifiwa mbele za watu. Nimejisikia mtu. Kesho kwenye kikao cha timu zote nitawaeleza wenzangu tumefanyaje. Vichupa vyetu vya chanjo vilivyobaki vitapelekwa kwa timu nyingine asubuhi.

Jumanne hiyohiyo, jioni

Furaha imeniishia.

Nilipanda mlimani kumjulia hali wifi yangu. Jirani yake, Mama Bukuru, yule Mrundi anayelima mihogo, akanisimamisha. Hakuja kwa ugomvi. Ameuliza tu tutafika lini. Gari la matangazo lilisema kaeni nyumbani, mtafikiwa. Kakaa. Siku mbili hajaenda shamba. Mapacha wake na mdogo wao wamekaa mlangoni, wameogeshwa, wamepakwa mafuta. Nimemjibu kesho. Sijui kesho gani, maana chanjo zinaondoka asubuhi.

Nyumba za huko juu hazina chaki hata moja. Nimezihesabu, ishirini na mbili.

Nimerudi mbio nikafungua daftari. Safu ya makazi: Kidahwe. Kidahwe. Kidahwe tena. Walishuka kutoka kijijini kwao huko mbali kununua dagaa! Si vibaya wamepata, ni watoto. Lakini tumevuka lengo kwa watoto wa kwingine, na wa kwetu wamekaa mlangoni wanatungoja. Na mimi nilikuwa nawaandika Kidahwe kwa mkono wangu mwenyewe. Mjinga kweli.

Nimempigia Bi Zuhura. Kaniuliza ni nyumba ngapi. Halafu kasema, "Usimwambie mtu kabla yangu."

Sijaelewa ana maana gani. Nina hofu.

Jumatano, 12 Juni

Neno hili nimelisikia tangu nianze kazi. Vyoo, vyandarua, miche ya michikichi: tumevuka lengo. Likishatamkwa watu wanafunga madaftari, soda zinafunguliwa. Sijawahi kusikia mtu akiuliza nani kabaki. Na mimi sikuuliza, kwa sababu jana nilikuwa napigiwa makofi.

Kikaoni nikaitwa mbele kabla Bi Zuhura hajasema lolote. Nikasema yote: meza, dagaa, Kidahwe, nyumba ishirini na mbili. Bwana Ruhuza akavua miwani. "Ripoti imeshakwenda. Sasa niwaambie wakubwa nini, kwamba tumevuka lakini hatujafika?"

Nilitamani kutoweka.

Bi Zuhura akasimama, polepole, ameshika kiti. "Goti ni langu, mratibu. Huyu binti alitaka kupanda, mimi nikamzuia. Tupeni vichupa viwili na siku moja."

Uongo mtupu. Sikutaka kupanda hata kidogo. Nimempenda mama huyu leo.

Mratibu akatoka nje na simu. Nusu saa. Karudi uso umekunjamana. Vichupa viwili, mwisho kesho saa tisa.

Vichupa viwili ni watoto arobaini. Huko juu wako wangapi? Hakuna anayejua. Si tulikuwa tumeshavuka!

Alhamisi, 13 Juni

Tumeanza saa moja. "Mwakeye," tunasalimia kila mlango. Bi Zuhura na fimbo, nyumba moja anapumzika, moja anapanda. Saa tatu tukasikia mtu anahema nyuma yetu. Bwana Ruhuza! Kiatu cha ofisini, shati limelowa. Kachukua boksi la barafu, katangulia.

Saa sita kichupa cha kwanza kimekwisha, nyumba tisa bado. Nikaanza kuhesabu watoto kwa macho kutoka mbali. Mlango mmoja umetoa watano. Nikachukia, halafu nikaona aibu kwa kuchukia.

Kwa Mama Bukuru tumefika saa nane, nyumba ya mwisho kabisa. Nikanyanyua kichupa kwenye jua. Kitu kidogo sana chini. Watoto watatu, matone sita. Bwana Ruhuza akanishikia kiwiko. Mawili. Mawili. Mdogo akafunga mdomo, akakataa katakata! Mama yake akamtekenya, akacheka, nikadondosha. Mawili.

"Murakoze cane," Mama Bukuru kashukuru kwa Kirundi. Akachukua jembe lake akaenda zake shamba.

Jumamosi, 15 Juni

Nimefua. Nimelala mchana, kitu nisichofanya.

Grupu limechangamka tena. Wamejumlisha watoto wa mlimani, basi Bangwe imezidi kuvuka. Makofi mengi kuliko ya Jumanne. Nimecheka peke yangu. Bwana Ruhuza hakuweka makofi. Kanitumia ujumbe wa pembeni: awamu ijayo tuanze juu, tushuke.

Fomu ina nafasi ya idadi na ya asilimia, ya majina haina. Humu kwenye shajara yangu ipo. Hawa ni wa nyumba tatu za mwisho: Asha, Yusufu, Neema wa fundi, Neema mwingine, Bukuru, Butoyi, na Chiza aliyekataa kufungua mdomo.