Cheo cha Zuhura

Jumatano, baada ya isha

Na bado nasema nilimlipa vizuri. Mshahara wake ulizidi wa wenzake wote ofisini. Lakini Zuhura hakuondoka kwa sababu ya mshahara.

Alitaka cheo. Kiongozi wa Wasanidi Programu. Nikamcheka: "Mwanangu, tangu lini mtoto wa nyumbani akapewa cheo?" Ofisi hii nimeianzisha mwenyewe hapa mjini Masoko, kwa kompyuta moja, na mimi sikupewa cheo na mtu. Wageni wakija nilikuwa nasema, "Huyu binti yetu wa kompyuta," kisha namwagiza kahawa. Nilidhani ndiyo mapenzi.

Leo nikakaa kuandika tangazo la kumtafuta wa kushika nafasi yake. Nikaandika "kusimamia vijana wanne," nikakwama. Zuhura aliwasimamiaje? Nani alikuwa anaamua kipi kitengenezwe kwanza? Nani alikagua programu kabla hatujawapelekea wateja wetu, wafanyabiashara wa samaki? Ofisi yangu mwenyewe, na sijui.

Nikampigia huko Dar alikohamia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hivi mwanangu, hapa ulikuwa unafanya kazi gani hasa?"

Akacheka, kisha akanitajia moja baada ya nyingine, taratibu, mpaka nikageuza karatasi. Hakunisimanga. Afadhali angenisimanga.

"Na cheo niandike nini?"

"Kile kile nilichokuomba, mjomba."

Nimekiandika. Maneno manne, bure kabisa, na atakayeyapata ni mtu nisiyemjua.