Vinywa vya Usiku na Mluzi Wangu

Nyumbani, chumba cha uani
Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mpendwa mjukuu wangu Kidomo,

Hujambo wewe, na huyo mumeo mpole hajambo? Mgongo wako unaendeleaje? Unakula, au bado unaishi kwa chai na haraka? Sisi huku wazima. Miguu yangu inalalamika ngazini, lakini nimeshazizoea kelele zake. Anayeandika ni shangazi yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asinipake poda, maana ni mtu wa kulainisha mambo.

Sasa yale meno. Unakumbuka yale mawili ya mbele, yenye mwanya niliokuwa nikipigia mluzi jioni mpaka mnarudi mbio kutoka nyumba za watu? Yalianza kucheza. Fizi zikavimba. Nikipiga mswaki, damu. Nikipiga mluzi, upepo mtupu kama pampu ya baiskeli. Daktari wa kwanza alitazama mara moja tu, akasema yang'olewe. Ndipo ukanipigia simu ukilia, mtu mzima wewe, kwamba niende kwanza kwa hao watafiti wa hospitali wanaochunguza vijidudu vya kinywani kwa wazee wenye kisukari kama mimi. Nilikwenda kwa ajili yako. Vijidudu sikutaka hata kuvisikia.

Walituambia tuje asubuhi bila kupiga mswaki wala kusukutua. Nani alisikia? Mimi niende mbele za watu na kinywa cha usiku, nikufedheheshe? Niliamka nikasugua kwa chumvi, nikasugua kwa mkaa, nikamalizia na karafuu. Kufika, benchi zima linanukia karafuu na dawa ya meno. Kumbe wazee wote wamefanya vilevile! Binti anayekusanya mate akashika kiuno: "Jamani wazee wangu, mmewafukuza wageni niliowaita!" Akaturudisha nyumbani.

Kesho yake ndiyo ungecheka. Tumekaa, kila mtu na kitambaa chake mdomoni. Salamu kwa nyusi. Hata yule fundi viatu wa kona yetu, anayeongea mpaka usingizini, kimya kama kiatu. Tulipogawiwa vichupa vya kutemea mate akashindwa kuvumilia: "Bibi, leo usinisogelee, nina jeshi humu." Nikamjibu, "Kaa nalo mbali, langu halijala." Benchi likaangua kicheko, vitambaa vikaanguka, aibu ikaisha.

Binti alinieleza vizuri, bila kunifanya mtoto. Kumbe kinywani mna vijidudu aina kwa aina, na vingi ni wapangaji wema wanaolinda nyumba. Ukoga ukikaa chini ya fizi, wakorofi huongezeka, fizi zinaharibika polepole, na mwenye kisukari hutaabika zaidi, maana sukari na fizi huchocheana. Nikamuuliza, na karafuu zangu je? Akasema, "Bibi, hizo zinafukiza sebule. Wakorofi wako chini ya sakafu." Hapo nikaelewa.

Wakanikwangua ule ukoga. Kulikuwa na ganzi, lakini niliumia, sikudanganyi. Nilimwita daktari wao majina ambayo shangazi yako amekataa kuyaandika. Ila nimefuata kila walichosema. Dawa ya sukari siruki, na ule uzi wa meno natumia, japo najiona kama nashona mdomo. Damu imekoma. Sukari nayo imeshuka. Binti anasema hawezi kuapa kwamba ni fizi tu, ndiyo maana bado wanachunguza. Nimempenda kwa kutojifanya anajua.

Ijumaa daktari aliyatikisa yale meno kwa kidole. Nilifumba macho, nikamshika shangazi yako mkono mpaka akapiga kelele yeye. Daktari akasema, "Yameshika, Bibi. Hatung'oi."

Msalimie mumeo. Baba yako ukimpata kabla yangu, mwambie naye akaonyeshe fizi zake, asingoje kama mimi. Ukaidi wake najua ulikotoka. Fundi viatu anakusalimu, anasema jeshi lake limetulia. Mungu akulinde, akupe kazi yenye amani na watu wa kucheka nao.

Jumapili nikikupigia simu, usiseme haloo. Nyamaza tu, usikilize. Ukiusikia mluzi, ujue jioni imeingia na unaitwa nyumbani.

Ni mimi nikupendaye bila kupunguza,
Bibi yako