Sauti ya Bwana Fadhul

Nakawa, Kampala
4 Novemba

Mama mpendwa,

Shalom kwako na kwa dada Benedicte. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila koo limenikauka. Simu ni ya sala, wewe mwenyewe ulisema, kwa hiyo habari naziandika.

Nimepata kazi! Kuna muuza magodoro hapa, Bwana Fadhul, anagombea udiwani na hakuna anayemjua. Mabango yake yakibandikwa jioni, asubuhi yamechanwa. Alinisikia nikiongoza kwaya, akaniambia, "Bango linachanwa, ssebo, bwana wangu. Sauti nani ataichana?" Sasa nazunguka juu ya pikapu yenye spika. Nafanya kama kwenye kwaya tu: naita, "Nani huyooo?" na watu wanajibu, "Fadhul!" Mwanzoni aliyejibu ni dereva wetu peke yake. Leo soko zima limeitikia, hadi wauza nyanya. Ungecheka, Mama.

Jumapili nitapiga tusali, kama kawaida.

Mwanao,
Bénit

Nakivale
12 Novemba

Mwanangu Bénit,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Mgongo unalalamika lakini haujanilaza. Koo lako je? Kunywa maji ya tangawizi.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umepewa spika! Mwanangu, sisi ni wakimbizi, kura si yetu. Hao wanaochana mabango ni akina nani, umejiuliza? Wakichana karatasi hailii. Wewe ni mtu. Mwambie Bwana Fadhul atafute mwenyeji.

Jumapili ulimaliza sala kwa ile "Amina" yako ndefu, nikalala vizuri. Usininyime hiyo.

Mama yako

Nakawa, Kampala
9 Desemba

Mama,

Nisamehe kwa kimya changu. Uzima upo. Ninyi mko salama?

Kazi nimeiacha, lakini nimechelewa. Jina la Fadhul limejulikana kweli, hata watoto wanaliimba. Uso wake hawaujui bado, ila sauti yangu wanaijua wote. Kuna wanaume walipita wakiwauliza akina mama wa sokoni, "Yule Mkongo wa spika analala wapi?" Juzi nilikuwa nauliza bei ya sombe, yale majani ya muhogo. Mtu nyuma yangu akasema polepole, "Nani huyo?" Hakuna aliyeitikia. Niliacha sombe pale pale nikakimbia.

Sasa siongei nje. Dukani naonyesha kwa kidole, mwenye duka anadhani mimi ni bubu. Kanisani nafungua mdomo tu. Kuta za chumba ni nyembamba, ndiyo maana hata simu nimeiogopa. Bwana Fadhul nilimwomba msaada, akasema, "Vumilia, wewe ndiye uliyenijulisha kwa watu." Naogopa, Mama. Naogopa sana.

Wiki ijayo napanda basi nije kwako. Jumapili hii nitapiga. Sala isome wewe, mimi nitanong'ona "Amina" tu, ujue niko hai.

Mwanao,
Bénit

Nakivale
17 Desemba

Mwanangu,

Hujambo? Leo nauliza kweli, si salamu.

Jumapili simu iliita na namba ilikuwa yako. Nilikuita, kimya. Nikasema moyoni, mtoto anaogopa kuta, nikaanza Baba Yetu. Nilisikia mtu akipumua. Nilifika mwisho, nikangoja Amina yako. Haikuja. Nikarudia ile sehemu ya mwisho, labda hukusikia. Bado alikuwa anapumua tu.

Nikauliza, "Nani huyo?"

Akakata simu.

Tangu hapo namba haipatikani. Benedicte anakwenda kituoni kila basi la Kampala likifika, na anarudi peke yake. Mimi sili vizuri, siwezi kukudanganya.

Barua hii nampa dereva wa basi aipeleke kwa mchungaji wako. Ikikufikia, usinijibu kwa karatasi. Karatasi mtu yeyote anaweza kuiandika. Nipigie useme Amina.

Mama yako